Nani Anakagua Mikono Inayoshona Nguo Zetu?

(Hotuba iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo katika mkutano wa kamati za parokia uliofanyika Kemambo, wilayani Tarime. Tunaichapa hapa kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kuhudhuria na kwa wafadhili wetu.)



Kabla hatujaanza, tunaomba kila mmoja amgeukie jirani yake asome lebo iliyoshonwa kwenye ukosi wa shati au blauzi yake. Wengi mtakuta majina ya Bangladesh, China, Kambodia, pengine Kenya au Lesotho. Nguo hizi tumezinunua sokoni Nyamongo, nyingi zikiwa mitumba. Zilishonwa mbali, zikavaliwa Ulaya au Marekani, zikafungwa kwenye marobota, ndipo zikatufikia sisi. Lebo inatuambia nchi. Haituambii aliyeshona alilipwa kiasi gani, alifanya kazi saa ngapi, wala kama mlango wa kiwanda chake ulikuwa wazi au umefungwa kwa kufuli.

Wapo watakaouliza: jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Kemambo, wenye shida za dhahabu, mifugo na mashamba? Latuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, mabinti zetu wanaomaliza shule wanakwenda mijini kutafuta kazi za cherehani. Pili, sisi wenyewe tumezoea kukaguliwa, na tunajua ukaguzi unavyoweza kupita juu ya vichwa vya watu. Tatu, sisi pia ni wanunuzi wa nguo, na katika ununuzi huo ofisi yetu ilikosea. Kosa hilo tutalieleza hapa bila kuficha.

Ukaguzi ulianzaje

Kampuni nyingi kubwa za nguo hazina viwanda vyao. Zinabuni nguo, kisha zinaagiza zishonwe na viwanda vya watu wengine katika nchi zenye mishahara midogo. Kwa miaka mingi, kampuni zilipoulizwa kuhusu mateso ya wafanyakazi zilijibu: hao si wafanyakazi wetu.

Jibu hilo lilianza kukataliwa katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 kampuni ya Levi Strauss iliandika masharti ambayo viwanda vinavyoishonea lazima viyafuate. Mwaka 1998 mkuu wa kampuni ya Nike, Phil Knight, alikiri hadharani kuwa jina la kampuni yake limefungamana na mishahara ya kitumwa na kazi za lazima za saa za ziada, akaahidi mabadiliko. Mwaka 2005 Nike ilitangaza orodha ya viwanda zaidi ya 700 vinavyoishonea, jambo ambalo kampuni nyingi zilikuwa zikilificha kama siri ya biashara. Katika miaka hiyo vilianzishwa pia vyombo vya kusimamia masharti hayo: kipimo cha SA8000 mwaka 1997, umoja wa Ethical Trading Initiative huko Uingereza mwaka 1998, na Fair Labor Association huko Marekani mwaka 1999.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kampuni inaandika kanuni zake: hakuna mtoto kazini, hakuna kupiga wala kutukana, mshahara usipungue kima cha sheria, milango ya dharura iwe wazi, watu wawe huru kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kiwanda kinatia saini. Kisha anatumwa mkaguzi, mara nyingi kutoka kampuni nyingine inayolipwa kwa kazi hiyo. Anakaa kiwandani siku moja, mbili au tatu. Anatembea kati ya mashine, anahesabu mitungi ya kuzimia moto, anapima upana wa njia, anasoma daftari la mahudhurio na orodha ya malipo, anazungumza na wafanyakazi wachache. Mwishoni anaandika ripoti yenye makosa na tarehe ya kuyarekebisha.

Kazi hii si bure. Ukaguzi umesaidia kuwaondoa watoto katika viwanda vingi, na mahali pengi umeleta vyoo, maji ya kunywa na mitungi ya moto. Kitu kinachoonekana kwa macho, mkaguzi hukiona.

Yasiyoonekana

Tatizo ni yale yasiyoonekana. Mgeni akitangaza siku ya kuja, nyumba hufagiliwa. Wapo wenye viwanda walioweka vitabu viwili vya mishahara, kimoja cha ukweli na kimoja cha mkaguzi. Wapo waliowafundisha wafanyakazi majibu ya kutoa. Wapo waliopokea oda kubwa wakaipeleka nusu yake kwenye karakana ya uchochoroni ambayo mkaguzi hakuijua kabisa. Na mfanyakazi anayehojiwa ndani ya kiwanda, msimamizi wake akiwa nyuma ya mlango, atasema nini?

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2012. Mjini Karachi, Pakistani, kiwanda cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha SA8000 mwezi Agosti. Tarehe 11 Septemba kiliungua. Madirisha yalikuwa na nondo na milango mingine imefungwa. Watu zaidi ya 250 walikufa, wiki chache tu baada ya cheti.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza lilianguka karibu na Dhaka, Bangladesh. Walikufa watu 1,134. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vimekaguliwa kwa niaba ya wanunuzi, lakini wakaguzi hawakutumwa kuangalia uimara wa nguzo. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa nguo waliamriwa kurudi kwenye mashine. Waliziona nyufa kwa macho yao, lakini hawakuwa na mahali pa kukataa bila kupoteza kazi.

Tuliwauliza vijana wetu hapa kwa nini mwenye kiwanda alazimishe watu kuingia katika jengo lenye nyufa. Mmoja alijibu: kwa sababu ya oda. Amejibu vizuri. Oda ina tarehe, na ikichelewa mnunuzi hukata malipo au hulazimisha mzigo usafirishwe kwa ndege kwa gharama ya kiwanda. Mnunuzi huyohuyo anayetuma mkaguzi kukataza saa za ziada, idara yake nyingine inashusha bei na kufupisha muda. Mkono mmoja unaandika kanuni, mwingine unaifuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Karibu na nyumbani

Mambo haya hayako Asia peke yake. Sheria ya Marekani iitwayo AGOA, iliyopitishwa mwaka 2000, ilifungua soko la nguo kutoka Afrika bila ushuru, na viwanda vikaongezeka haraka. Nchini Kenya, Januari 2003, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya kuuza nje, kuanzia Athi River, waligoma wakilalamikia mishahara midogo, saa za ziada za lazima na ajira za vibarua zisizokwisha. Mjini Kampala, Oktoba mwaka huohuo, wasichana wa kiwanda cha Tri-Star waligoma kwa malalamiko yanayofanana, na zaidi ya 200 wakafukuzwa.

Hapa kwetu Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Tunaomba akina mama wenye mabinti walioko mijini wayashike haya. Kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zifanywe kwa makubaliano, na zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi yenye malipo haipungui siku 84. Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Anayeachishwa kazi isivyo haki anaweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asikawie, kwa maana muda wa kawaida ni siku 30. Ni sheria nzuri. Ila sheria iliyo kabatini haimsaidii asiyejua kuwa ipo.

Kilichosaidia

Tusikate tamaa, maana ipo mifano ya mambo yaliyosaidia. Tunataja mitatu.

Kambodia, kuanzia mwaka 2001, Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, lilianza kukagua viwanda vya nguo chini ya mapatano ya biashara na Marekani. Hali ya kazi ikiboreka, nchi iliruhusiwa kuuza nguo nyingi zaidi. Yaani kufanya vema kulikuwa na faida. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mpango wa Better Work mwaka 2007, ambao hauishii kukagua bali unaunda kamati za wafanyakazi na wasimamizi kiwandani.

Bangladesh, baada ya Rana Plaza, kampuni zaidi ya 200 zilitia saini mkataba na vyama vya wafanyakazi, ujulikanao kama Accord. Huu haukuwa ahadi ya hiari. Mkataba uliwafunga kisheria. Wahandisi walikagua viwanda zaidi ya 1,600, ripoti zikawekwa wazi kwa kila mtu, mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia jengo la hatari, na wanunuzi wakatakiwa kuhakikisha kiwanda kinapata fedha za matengenezo. Kampuni moja iliyovuta miguu ilishitakiwa na vyama mbele ya wasuluhishi, na mwaka 2018 ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.

Lesotho, mwaka 2019, uchunguzi wa shirika la Worker Rights Consortium ulionyesha kuwa katika viwanda vya kampuni ya Nien Hsing baadhi ya wasimamizi waliwadai wanawake ngono ili wapate au wasipoteze kazi. Wakaguzi wa wanunuzi walikuwa wamepita kabla, na hawakuyagundua. Wachunguzi hawa waliyajua kwa sababu waliwahoji wanawake mbali na kiwanda, kwa lugha yao, bila msimamizi kusikia. Baadaye wanunuzi watatu wa Marekani walisaini mikataba na vyama vya wafanyakazi pamoja na mashirika ya wanawake. Kikawekwa chombo huru cha kupokea malalamiko, na wanunuzi wakakubali kupunguza oda endapo kiwanda kitakiuka. Takriban wafanyakazi 10,000 walihusika.

Mifano hii ina mambo matatu ya kujifunza. Mfanyakazi anasikilizwa mahali pasipo na hofu. Ripoti haiishii kabatini. Na mnunuzi naye anafungwa, kwa kubeba sehemu ya gharama. Likikosekana moja, ukaguzi unabaki kuwa karatasi.

Kosa letu

Sasa tufike kwetu. Mnakumbuka mpango wetu wa sare za shule kwa watoto tunaowasaidia. Tulipokea bei kutoka karakana tatu za ushonaji, tukachagua ya chini kabisa, tukaandika kwa furaha kuwa tumeokoa fedha za wafadhili. Kisha malipo ya awali yakachelewa upande wetu. Halafu, vitambaa vikiwa vimekwisha kukatwa, tukabadilisha rangi ya sketi. Tarehe ya kukabidhi hatukuisogeza, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na tulitaka picha za watoto wakiwa na sare mpya.

Kabla ya hapo tuliitembelea karakana hiyo. Tulitoa taarifa mapema. Tulifika saa nne asubuhi, chumba kimefagiliwa, tukakaribishwa soda, tukazungumza na mwenye karakana. Kwa mafundi tulitoa salamu tu. Katika taarifa yetu tuliandika "mazingira ya kazi ni mazuri". Wafadhili mliisoma sentensi hiyo.

Baada ya sherehe mama mmoja ambaye binti yake ni fundi pale alitufuata, akasema kwa upole: "Sare ni nzuri, ila wanangu walizishona usiku." Ndipo tulipojua. Walishona siku tatu mfululizo hadi alfajiri, kwa taa ya sola. Wanagenzi hawakulipwa chochote kwa saa hizo, kwa maelezo kwamba wako mafunzoni. Mmoja alijichoma sindano ya mashine kidoleni, akafunga kitambaa akaendelea. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, na mwenyeji hakupona.

Hatumtaji mwenye karakana, na hatumlaumu peke yake. Bei ile tuliikubali sisi, ucheleweshaji ulikuwa wetu, na rangi tuliibadilisha sisi. Tulichofanya baadaye ni kukaa naye pamoja na mafundi, tukakokotoa saa za usiku, tukalipa tofauti kutoka fungu la utawala wa ofisi. Tunakiri kuwa hatukufanya hivyo kwa wema wetu. Tulifanya kwa sababu mama yule alisema.

Na hapa Kemambo

Wazee wetu, ninyi mnalijua jambo hili kuliko wataalamu. Mnaishi jirani na mgodi wa North Mara, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini, na baada ya hapo jina la Nyamongo lilifika mbali. Tangu hapo wamepita wachunguzi, wanasheria, wawakilishi wa kampuni na waandishi. Mzee mmoja wa hapa alituambia kuwa amehojiwa mara nyingi kuliko alivyohojiwa siku ya kuposa, lakini hajawahi kuletewa kilichoandikwa. Mwanamke anayeshona Lesotho na mzee huyu wana swali moja: yale niliyosema yalikwenda wapi?

Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubali mwongozo unaosema kuwa kila kampuni, iwe ya nguo au ya madini, ina wajibu wa kuheshimu haki za watu wanaoguswa na biashara yake, na kwamba njia ya kupokea malalamiko ijulikane, iaminike, iwe wazi na imfikie mlalamikaji. Ikiwa tunayadai hayo kwa kampuni kubwa, tuanze kuyatimiza katika manunuzi yetu madogo.

Tunayopendekeza

Kwa hiyo tunaleta mbele ya kamati mapendekezo matano, kwa kila oda ya sare za shule, fulana za mikutano, vitenge vya akina mama au mavazi ya kwaya.

Kwanza, bei ya ushonaji ijulikane kwa mafungu: kitambaa kiasi gani, fundi kiasi gani kwa kila vazi. Bei iliyo chini kupita kiasi tuiulize imepunguzwa kwa nani. Rahisi ni ghali, na ghali hiyo hulipwa na fundi.

Pili, malipo ya awali yatolewe siku oda inapotolewa. Tukichelewa sisi, au tukibadilisha kitu, tarehe ya kukabidhi isogee kwa siku zilezile.

Tatu, kila kamati iteue akina mama wawili wa kuzungumza na mafundi na wanagenzi nje ya karakana, nyumbani au njiani kutoka sokoni, wala si mbele ya mwenye kazi. Jina la aliyesema lisiandikwe.

Nne, yaliyoonekana yasomwe kwa mafundi wenyewe kabla ya kupelekwa kwa wafadhili, nao waseme kama ndivyo.

Tano, tukikuta kosa tusikimbilie kuhamisha oda. Tukihama, mafundi wanabaki bila kazi, na mwingine ataona kuwa anayesema ukweli huadhibiwa. Tukae, turekebishe kwa muda uliopangwa, na tuondoke tu pale mwenye kazi anapokataa kabisa.

Kwenu ndugu wafadhili tunaomba mambo mawili. Fedha za manunuzi zitufikie kabla ya oda. Na msitupime kwa idadi ya sare kwa kila shilingi peke yake. Mpango huu utaongeza gharama, nasi tumeona ni afadhali kuwaambia hivyo kuliko kuwaletea picha nzuri iliyoshonwa usiku wa manane. Ikibidi sare zipungue, tutawaandikia zimepungua kwa ngapi na kwa nini.

Mwisho, tunairekebisha hapa ile sentensi ya taarifa yetu. Isomeke hivi: "Tulitembelea karakana kwa saa moja. Hatukuzungumza na mafundi."

Kamati zitajadili mapendekezo haya na kuleta majibu katika mkutano ujao. Yule mama aliyetufuata baada ya sherehe tumemwomba awepo siku hiyo, na amekubali.